Wawindaji na mawindo katika mazingira yasiyofanana: kwa nini milinganyo na uigaji vinatoa majibu tofauti?

Mtafiti wa Nyika aliuliza:

Salaam wanajukwaa.

Ninatengeneza modeli ya kihisabati ya wanyama wawindaji na mawindo yao katika eneo lenye mazingira mawili yaliyopakana: nusu ya kushoto ni kichaka kizito, nusu ya kulia ni uwanda wa wazi. Upande wa kuzaliana na kuliwa sina shida nao. Mawindo huongezeka hadi kikomo cha malisho; kasi ya ulaji ya kila mwindaji hupanda mawindo yanapokuwa mengi lakini hufika ukomo, kwa kuwa kukamata na kula kila windo huchukua muda, kama Holling alivyoeleza mwaka 1959; na wawindaji hufa kwa kiwango kisichobadilika. Kwa ufupi ni modeli ya Rosenzweig na MacArthur ya mwaka 1963, ambayo wengi hapa mnaifahamu. Kinachonitatiza ni mwendo.

Modeli hiyo nimeiandika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya milinganyo: msongamano wa wanyama n hubadilika kwa wakati kutokana na mtiririko, na mtiririko wenyewe ni kizigeu cha msambao D(x), yaani kipimo cha kasi ya wanyama kutawanyika mahali x, ambacho ni kidogo kichakani na kikubwa uwandani, kikizidishwa kwa mteremko wa msongamano na kuwekewa alama ya kutoa. Njia ya pili ni uigaji wa mnyama mmoja mmoja kwenye mstari wa visanduku 100, ambapo visanduku 50 vya kushoto ni kichaka na 50 vya kulia ni uwanda. Katika kila hatua, mnyama aliye kichakani ana uwezekano wa 0.1 wa kuhamia kisanduku cha kushoto na 0.1 wa kuhamia cha kulia. Aliye uwandani ana 0.4 kwa kila upande. Kwa vipimo hivyo D ya uwandani ni mara 4 ya ile ya kichakani katika njia zote mbili.

Ili kupima mwendo peke yake nilizima kuzaliana, kuliwa na vifo, nikaweka wanyama 1,000, nikafunga mipaka ya nje, kisha nikaiacha programu iendelee hadi hali itulie. Milinganyo inanipa wanyama 10 katika kila kisanduku, kichakani na uwandani sawasawa. Uigaji unanipa takriban 16 katika kila kisanduku cha kichakani na 4 katika kila kisanduku cha uwandani. Nimepunguza urefu wa hatua na kuongeza idadi ya visanduku, lakini tofauti haiondoki.

Naomba kuelimishwa: ni jibu lipi la kuaminiwa, na je, tofauti hii ina uzito wowote nitakaporudisha ulaji na uzazi? Hatimaye nataka kichaka chenyewe kibadilike kwa majira, kipukutishe majani wakati wa kiangazi na kurudi wakati wa mvua, kwa hiyo sipendi kujenga juu ya msingi nisiouelewa.

---

Kizigeu alijibu:

Ndugu Mtafiti, programu zako zote mbili zinafanya kazi ipasavyo, ila zinajibu maswali mawili tofauti. Tazama mpaka tu, yaani kisanduku cha 50 kilicho kichakani na cha 51 kilicho uwandani. Katika uigaji wako, wanaovuka kwenda kulia katika kila hatua ni 0.1 ya walio ndani ya kisanduku cha 50, na wanaorudi kushoto ni 0.4 ya walio ndani ya kisanduku cha 51. Mivuko hiyo miwili haiwezi kulingana mpaka kisanduku cha 50 kiwe na wanyama mara nne ya kile cha 51, na ndiyo maana unapata 16 na 4. Katika milinganyo yako, kwa upande mwingine, mtiririko unapita mpakani kwa D moja inayozidisha tofauti ya msongamano, hata kama D hiyo ni wastani wa pande mbili, kwa hiyo mtiririko hauwi sifuri mpaka misongamano iwe sawa. Umemwambia mnyama wa uigaji aamue kuhama kwa kutazama mahali alipo, na wa milinganyo umempa nafasi ileile ya kuvuka awe anatoka kushoto au kulia.

Kwa maandishi ya hisabati, mlinganyo ulioutumia ni wa Fick:

∂n/∂t = ∂/∂x [ D(x) ∂n/∂x ]

na mlinganyo unaolingana na uigaji wako ni wa Fokker na Planck:

∂n/∂t = ∂²/∂x² [ D(x) n ]

Ukiufungua huu wa pili utaona kwamba ni ule wa kwanza ulioongezewa kipande kimoja, yaani msukumo wa kuelekea kule ambako D ni ndogo, wenye kasi inayolingana na mteremko wa D yenyewe. Mahali ambapo D haibadiliki kipande hicho hutoweka na milinganyo miwili huwa kitu kimoja, ndiyo maana vitabu vingi vinavyoanzia na mazingira ya sare havimwonyi msomaji. Hali ikitulia, Fick hutoa n iliyo sawa kila mahali, na Fokker na Planck hutoa n inayolingana na 1/D.

Kanuni ya Fick ilichapishwa mwaka 1855 kutokana na majaribio ya chumvi inayosambaa ndani ya maji, na chumvi haina tabia ya kutulia mahali inapojisikia salama. Kwa mnyama anayeamua kwa kutazama mazingira aliyomo, mimi ningechukua umbo la pili bila kusita, na hivyo ndivyo wanavyofanya wanaikolojia wengi wanaouita msambao wa kiikolojia.

Katika programu badiliko ni dogo. Usikokotoe tofauti ya n kisha uizidishe kwa D; kokotoa kwanza w = D × n kwa kila kisanduku, halafu msongamano mpya wa kisanduku cha i ni ule wa zamani ukijumlishwa na (Δt/Δx²), yaani urefu wa hatua ya wakati ukigawanywa kwa mraba wa upana wa kisanduku, mara (w ya i−1, toa w mbili za i, jumlisha w ya i+1). Kwenye visanduku vya mwisho ondoa jirani asiyekuwepo pamoja na w moja ya kisanduku chenyewe, ili mpaka uliofungwa ufunge mtiririko wa w na siyo mteremko wa n. Wengi hukosea hapo, kisha wanashangaa idadi ya wanyama ikivuja bila kifo hata kimoja.

---

Nyayo alijibu:

Maelezo ya mkuu Kizigeu kuhusu mpaka ni safi, lakini siafikiani na neno “bila kusita”. D ni namba moja tu, na namba hiyo haisemi mnyama amekuwa mzito wa kusambaa kwa sababu gani. Chukua wanyama watatu ambao D zao ni zilezile za Ndugu Mtafiti, robo kichakani ikilinganishwa na uwandani.

Wa kwanza hupumzika sana kichakani: anapokuwa mle hutembea robo tu ya muda ambao angetembea akiwa uwandani, lakini kila anapotembea mwendo wake ni uleule. Huyu atarundikana kichakani kwa uwiano wa 16 kwa 4, sawa na 1/D.

Wa pili hapumziki kamwe, ila miiba inampunguza kasi hadi nusu, na hugeuka baada ya muda uleule popote alipo. Kwa kuwa D hutegemea mraba wa kasi, D yake kichakani nayo ni robo. Lakini msongamano wake hufuata kinyume cha kasi, siyo kinyume cha D, kwa hiyo atatulia kwenye takriban 13.3 kichakani na 6.7 uwandani, yaani 1/√D. Wanaotumia milinganyo ya nasibu watatambua kwamba huo ndio mgawanyo unaotokana na tafsiri ya Stratonovich, ilhali ule wa 16 kwa 4 unatokana na ya Itô.

Wa tatu ana kasi moja kila mahali, ila kichakani hubadilisha mwelekeo mara nne zaidi, kwa kukwepa vigogo tuseme, bila kukumbuka alikotoka wala kupendelea upande wowote. D yake pia ni robo. Huyu hatarundikana popote. Atakuwa 10 kwa 10, sawasawa na Fick. Wengi hukataa kuamini jambo hili kwa mara ya kwanza, kwa sababu akili inasema anayezungukazunguka mahali pamoja lazima aonekane hapo zaidi. Wanachosahau ni kwamba kuzungukazunguka huko, kunakomchelewesha kutoka, ndiko pia kunakomrudisha nje mapema kabla hajaingia ndani, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa. Schnitzer alilionyesha jambo hilo mwaka 1993 alipochunguza mwendo wa bakteria.

Kwa hiyo una D moja na migawanyo mitatu. Kabla ya kuchagua mlinganyo, lazima ujue kama mnyama wako anasimama, anapunguza kasi, au anageuka zaidi. Data za kola za GPS zinaweza kukusaidia iwapo vipimo vimechukuliwa kwa vipindi vifupi vya kutosha kutenganisha kupumzika na kutembea; vipimo vikipishana kwa saa kadhaa, tabia hizo tatu huchanganyika na kubaki umbali tu kati ya nukta na nukta. Kukadiria D kwa kugawanya wastani wa mraba wa umbali kwa muda mara nne, kama inavyofanywa kwenye eneo la pande mbili, hukupa hasa ile namba isiyoweza kuwatofautisha wanyama hawa watatu.

Tena kuna mazingira ambayo Fick ndiye anayestahili, nayo ni pale ugumu unapokuwa kati ya mahali na mahali badala ya kuwa ndani ya mahali: mto, ukuta, ukanda wa miamba. Kikwazo cha namna hiyo hakijali unatoka upande gani. Huffaker alijenga ulimwengu wa aina hiyo katika jaribio lake la mwaka 1958, alipowaweka utitiri wanaokula maganda ya machungwa pamoja na utitiri wanaowawinda, akazuia njia kwa mafuta ya mgando, na akasimamisha vijiti ambavyo mawindo yaliweza kuvitumia kupeperuka kwa nyuzi zao za hariri huku wawindaji wakibaki kutambaa. Katika mpangilio rahisi wawindaji walimaliza mawindo yote kisha wakafa kwa njaa. Katika mpangilio wenye nafasi 252 za machungwa alipata mizunguko mitatu ya kupanda na kushuka kabla ya mfumo kuporomoka. Kilichowaweka hai pamoja kilikuwa tofauti ya namna ya kuvuka vikwazo.

---

Mtafiti wa Nyika alijibu:

Nawashukuru sana. Wanyama wangu wa aina zote mbili wanafanana na yule wa kwanza wa Ndugu Nyayo: mawindo hujilaza kichakani saa za joto, na mwindaji huvizia humohumo. Basi nitachukua umbo la Fokker na Planck.

Swali langu la pili bado linanisumbua. Nikirudisha ulaji, je, 16 kwa 4 badala ya 10 kwa 10 kutabadilisha chochote, au wastani wa eneo zima utafidia? Idadi ya jumla ni ileile. Pia nisaidieni juu ya mwindaji: kwa sasa anatangatanga tu kama mawindo, na hilo halinikai vizuri.

---

Kizigeu alijibu:

Wastani haufidii, kwa sababu ulaji unatokana na N (msongamano wa mawindo) mara P (msongamano wa wawindaji) mahali hapohapo, na wastani wa mazao ya kuzidisha si sawa na zao la wastani. Tuache kwanza kile kikomo cha shibe ili hesabu ionekane. Wote wawili wakiwa 10 kwa 10, kila kisanduku kina 10 × 10, yaani 100. Wote wakirundikana kichakani, nusu ya visanduku vina 16 × 16 = 256 na nusu vina 4 × 4 = 16, wastani wake ni 136; makutano yamepanda kwa asilimia 36 ingawa hakuna mnyama aliyeongezeka. Ukigeuza mmoja, mawindo yapende kupumzika uwandani na mwindaji kichakani, kila kisanduku kinakuwa na 64, na makutano yameshuka kwa asilimia 36.

Hata hivyo usikimbilie kuandika asilimia hizo kwenye ripoti. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kiwango cha kushambulia ni kilekile kila mahali, na hapo ndipo hoja ya Nyayo inaporudi na kuuma. Wanyama wanaopumzika wamejaa mahali pamoja, lakini pia hawatembei, na wasiotembea hukutana mara chache. Tukichukulia, kwa kukadiria tu, kwamba makutano yanalingana pia na uchangamfu wa mwendo, tuipe uwandani 4 na kichakani 1, basi kichakani tunapata 256 × 1 na uwandani 16 × 4, wastani wake 160. Wangekuwa wamesambaa sawasawa wenye uchangamfu huohuo, tungepata 100 × 1 na 100 × 4, wastani wake 250. Sasa kurundikana kumepunguza makutano kwa asilimia 36! Jibu limegeuka kutoka nyongeza hadi punguzo kwa sababu ya jambo ambalo modeli nyingi hulificha ndani ya herufi moja, a, na kuliita kizigeu kisichobadilika.

Mwindaji anayevizia, ambaye windo humjia, yuko mahali fulani katikati, kwa kuwa anahitaji mmoja tu kati ya hao wawili atembee. Na mahali penyewe pana mchango wake: utafiti wa Hopcraft, Sinclair na Packer juu ya simba wa Serengeti, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba simba huchagua kuwinda pale ambapo mawindo ni rahisi kukamatwa kuliko pale yalipo mengi. Kwa modeli yako maana yake ni kwamba a nayo iandikwe a(x), kama D, na isiachwe iwe namba moja kwa eneo zima kwa sababu tu ni rahisi kuikadiria.

---

Mama Msawazo alijibu:

Mwanangu Mtafiti, una haki ya kutoridhika na mwindaji anayetangatanga ovyo. Ila usikimbilie kumpa uwezo wa kunusa mawindo kutoka mbali na kuyafuata, jambo ambalo waandishi wa modeli hulifanya kwa kuongeza kipande χ P ∂N/∂x, ambamo χ ni nguvu ya mvuto, kwenye mtiririko wake na kumaliza kazi. Kareiva na Odell, katika kazi yao ya mwaka 1987 juu ya wadudukibibi wanaokula vidukari, walionyesha kwamba kipande hicho kinaweza kuzaliwa chenyewe kutoka kwa mdudu asiyejua lolote kuhusu mbali. Mdudu huyo aliyekula karibuni hugeukageuka zaidi, aliye na njaa huenda moja kwa moja. Hapimi mteremko wowote, wala hachagui upande, lakini kundi zima likitazamwa kwa pamoja linaonekana kupanda kuelekea penye vidukari.

Unaweza kuuliza jambo hili linapatanaje na mnyama wa tatu wa Ndugu Nyayo, ambaye aligeuka zaidi na hakurundikana popote. Tofauti ni tumbo. Mnyama wa tatu hugeuka kwa kufuata mahali alipo wakati huohuo, lakini mwindaji hugeuka kwa kufuata shibe, na shibe hubaki kwa muda baada ya kuondoka penye chakula. Akitoka kwenye rundo la vidukari akiwa bado ameshiba, ataendelea kugeuka na ana nafasi kubwa ya kurudi. Akiingia na njaa, ataingia moja kwa moja mpaka ndani. Tumbo ni kumbukumbu ya muda mfupi, na kumbukumbu hiyo inavunja ule usawa wa kuingia na kutoka. Kwa hiyo katika uigaji wako mpe kila mwindaji kigeu kimoja cha shibe, kinachopanda anapokula na kushuka taratibu kwa muda, kisha uache kiwango chake cha kugeuka au cha kupumzika kitegemee kigeu hicho.

Ukitaka kubaki na milinganyo peke yake, kuna njia ya mkato inayofaa iwapo mwindaji wako husimama zaidi penye mawindo, kama ulivyosema. Andika D ya mwindaji iwe inategemea N, ikishuka N inapopanda, ndani ya umbo lile la Fokker na Planck. Ukifungua ∂²/∂x² [ D(N) P ] utapata mtiririko wenye vipande viwili: −D(N) ∂P/∂x, ambao ni msambao wa kawaida, na −P D′(N) ∂N/∂x. Kwa kuwa D′, yaani badiliko la D kadiri N inavyopanda, ni hasi, kipande cha pili ni mvuto wa kuelekea kwenye mawindo wenye nguvu χ = −D′(N). Hukuuongeza kwa mkono, umetoka kwenye kanuni ileile ya kuamua kwa kutazama ulipo.

Nikuonye mapema juu ya jambo moja ili usipoteze miezi. Ukiwa na modeli hii huenda ukatarajia kuona madoadoa ya wanyama yakijitokeza yenyewe, kwa utaratibu ambao Turing aliueleza mwaka 1952 na Segel na Jackson wakauhamishia kwenye ikolojia mwaka 1972. Kwa modeli ya Rosenzweig na MacArthur yenye kiwango cha vifo cha mwindaji kisichobadilika na msambao wa kawaida, hayatatokea kwa njia hiyo hata ukimpa mwindaji D kubwa kiasi gani, kwa sababu katika hali ya msawazo mwindaji hajidhibiti mwenyewe, na masharti ya Turing yanahitaji ajidhibiti. Unahitaji vifo vinavyoongezeka wawindaji wanapojazana. Mvuto wa kufuata mawindo nao kwa kawaida hauleti madoa, unayafuta: mawindo yakijikusanya kidogo, wawindaji wanamiminika hapo na kuyasawazisha. Lee, Hillen na Lewis walilichambua jambo hilo mwaka 2009. Madoa utakayoyaona kwako yatatokana na kichaka chenyewe, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

---

Nyayo alijibu:

Juu ya majira, Ndugu Mtafiti, kuna hesabu ya dakika mbili ambayo ningeifanya kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Muda wa mgawanyo kutulia katika sehemu yenye urefu L ni kiasi cha L²/D, kwa kukadiria. Kichaka chako kina visanduku 50 na D ya 0.1, kwa hiyo ni hatua 2,500 ÷ 0.1, yaani 25,000. Uwanda ni 2,500 ÷ 0.4, yaani 6,250. Ikiwa hatua moja ni saa moja, kichaka kinahitaji karibu miaka mitatu ili kitulie na uwanda unahitaji takriban siku 260, ilhali msimu wa miezi sita una saa zipatazo 4,380 tu. Majani yatakuwa yamepukutika na kurudi mara kadhaa kabla ya ule uwiano wa 16 kwa 4 kufikiwa katika eneo lote, isipokuwa karibu na mpaka, ambako unajitokeza haraka. Kwa mazingira yanayobadilika hivyo, fomula za hali tulivu hukuonyesha kule mfumo unakovutwa tu. Mahali ulipo hasa utapajua kwa kuendesha modeli yenyewe kwa wakati.

Kubadilika huko kwa wakati pia hupindua hitimisho moja linalonukuliwa mno. Hastings mwaka 1983, na baadaye Dockery na wenzake mwaka 1998, walionyesha kwamba katika mazingira yasiyofanana mahali na mahali lakini yasiyobadilika kwa wakati, aina mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa D ya Fick zikishindana, ile yenye D ndogo ndiyo inayobaki, kwa kuwa kusambaa ovyo huwatoa wanyama penye neema na kuwapeleka penye dhiki. Neema yenyewe inapohama kwa majira, anayetembea haraka anaweza kuwa mshindi. Usichukue matokeo ya kwanza kama sheria ya wanyama wote.

Tena uwe mwangalifu unapopima athari za msimu. Rinaldi, Muratori na Kuznetsov walionyesha mwaka 1993 kwamba modeli ya mwindaji na windo inayotikiswa na msimu, hata kwa kigezo kimoja tu, inaweza kuwa na tabia kadhaa za kudumu kwa vigezo vilevile, na hata kuingia katika vurugu isiyotabirika. Endesha modeli kutoka mianzo mingi tofauti kabla ya kudai kwamba msimu umesababisha hiki au kile.

---

Mtafiti wa Nyika alijibu:

Shukrani, Mama Msawazo, na nyote. Hesabu ya L²/D imenifungua macho, nitaanza nayo. Swali la mwisho la kiufundi: nikihamia kwenye gridi ya pande mbili, naweza kuendelea na 0.1 na 0.4 zilezile kwa kila jirani?

---

Kizigeu alijibu:

Huwezi. Kwenye mstari, mnyama wa uwandani ana majirani wawili, jumla ya uwezekano wa kuhama ni 0.8, na anabaki na 0.2 ya kutulia. Kwenye gridi ana majirani wanne, na 0.4 mara nne ni 1.6, uwezekano usiokuwepo. Milinganyo nayo italalamika kwa njia yake: kwa mbinu ya moja kwa moja, D Δt/Δx² haipaswi kuzidi 1/2 kwenye mstari na 1/4 kwenye gridi, na ukivuka hapo misongamano itaanza kuyumba, kuwa hasi, kisha kulipuka. Punguza Δt kwa nusu, utumie 0.05 na 0.2, na ukumbuke kupunguza kwa nusu viwango vya kuzaliana, kuliwa na vifo katika kila hatua. Ukiongeza ule mvuto wa Mama Msawazo punguza zaidi.

Angalia pia sakafu ya namba zako. Katika modeli za milinganyo, wawindaji huweza kushuka hadi msongamano wa sehemu moja ya bilioni ya mnyama kisha wakafufuka mawindo yanaporudi. Mollison aliwahi kukejeli jambo hilo mwaka 1991 kwa mfano wa mbweha mwenye ukubwa wa 10⁻¹⁸ ya mbweha aliyekuwa anaendeleza ugonjwa wa kichaa cha mbwa ndani ya modeli. Weka kanuni kwamba eneo likiwa na jumla ya wawindaji chini ya mmoja wanahesabiwa wameisha, kisha ulinganishe na uigaji wako wa mnyama mmoja mmoja, ambao hauna tatizo hilo. Katika mizunguko yenye mabonde marefu, tofauti kati ya hayo mawili huwa kubwa kuliko hata ile ya Fick na Fokker na Planck uliyoanza nayo, hivyo zihifadhi namba za kila hatua na siyo za mwisho tu.